Wahindi Waliohama Mara Mbili: Somo kwa Sisi Tulioko Ughaibuni



 Katika somo la toleo hili nataka tuwaangalie watu ambao wengi wetu tumekua nao mtaa mmoja lakini hatukuwahi kukaa chini tukawasoma: Wahindi. Tulinunua kwao sukari, madaftari na mabati ya kuezekea, tukacheka Kiswahili chao, basi. Leo tumefika majuu tunawakuta tena. Safari hii sisi na wao wote ni wageni, ila wao walianza zamani. Wana misikiti, mahekalu, magazeti na wabunge. Wamekaa ugenini vizazi vitatu, vinne, wengine zaidi. Kama kuna watu wa kuwauliza itakuwaje kwa watoto wetu, ni hawa.

Swali la somo letu ni moja: ni kitu gani kinachomfunga mtu na nyumbani asikokaa, na kifungo hicho kinadumu muda gani? Mimi nasomea uhandisi, kwa hiyo nitaliendea swali hili kama tunavyoliendea daraja. Tunauliza nguzo ipi inabeba uzito, ipi ni pambo tu, na ipi itachoka kwanza.

1. TUKUBALIANE MANENO

Kwetu neno "Mhindi" ni gunia kubwa. Ndani yake tumetia Banyani, Khoja, Bohora, Kalasinga, Mgoa, hata Mpakistani. Wao kwa wao hawasali pamoja wote, hawaoani ovyo, na lugha zao ni mbalimbali: Kigujarati, Kikachi, Kipunjabi, Kikonkani na nyingine. Isitoshe, India ya Waingereza iligawanywa mwaka 1947 ikazaliwa Pakistan, na mwaka 1971 Pakistan ya Mashariki ikawa Bangladesh. Chukulia mfanyabiashara wa Kisindhi, dini yake Hindu, aliyeondoka Karachi miaka ya 1930 kwenda kutafuta maisha. Baada ya 1947 kwao kulikuwa nchi nyingine, na huenda ndugu zake wote walikuwa wamekwisha kukimbilia Bombay. Angerudi kwa nani?

Neno la pili ni "nyumbani". Hebu tuligawe mara tatu. Kuna nyumbani kwa babu, kuna nyumbani ulikozaliwa, na kuna nyumbani kwa karatasi, yaani pale pasipoti yako inaposema. Kwa wengi wetu hizo tatu bado ziko mahali pamoja, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Kwa mzee wa Kigujarati utakayemkuta Leicester, kwa babu ni Gujarat, kuzaliwa ni Jinja, na karatasi ni ya Uingereza. Shida zote tutakazozitaja hapa zinaanzia pale hizo tatu zinapoachana.

2. WALIONDOKAJE?

Njia zilikuwa nyingi, lakini nne ndizo kubwa.

Ya kwanza ni mkataba. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, kuanzia 1834, wenye mashamba ya miwa walitaka watu wengine wa kufanya kazi. Wahindi zaidi ya milioni moja walichukuliwa kwa mikataba, kwa kawaida ya miaka mitano: Mauritius (1834), Guyana (1838), Trinidad (1845), Natal kule Afrika Kusini (1860), Fiji (1879). Wenyewe waliuita mkataba huo "girmit", neno la Kiingereza la makubaliano lililotafunwa na ndimi zao. Uandikishaji ulisimamishwa mwaka 1917. Wengi hawakurudi tena.

Ya pili ni biashara. Watu wa Gujarat na Kutch walikuwa wakija na pepo za kaskazi tangu karne nyingi, wakafanya kazi Maskati na Unguja kabla Mzungu hajaanza kutawala huku. Khoja tajiri Tharia Topan, kwa mfano, alikuwa mtu mkubwa wa forodha na fedha Zanzibar ya karne ya 19.

Ya tatu naiita bahari na bwawa. Watu wa Sylhet, sehemu ambayo leo iko Bangladesh, walifanya kazi ya kuchochea makaa ya mawe katika meli za Waingereza. Baadhi walishuka bandarini London wasirudi melini, na watoto wa mkoa wao ndio waliojaza Uingereza mikahawa inayoitwa ya Kihindi. Bwawa ni habari ya Mirpur, upande wa Kashmir unaoshikwa na Pakistan. Bwawa la Mangla juu ya mto Jhelum lilikamilika mwaka 1967 na kuzamisha mji wa zamani wa Mirpur na vijiji karibu 280. Watu zaidi ya laki moja walihamishwa. Tayari kulikuwa na vijana wa huko viwandani Uingereza, basi wengine wakawafuata Bradford na Birmingham. Sisi wa uhandisi tunafundishwa mita za ujazo na megawati. Hatufundishwi kwamba bwawa lililojengwa Asia linaweza kubadilisha mji wa Yorkshire.

Ya nne ni ujuzi: madaktari walioijaza huduma ya afya ya Uingereza, wahandisi walioingia Marekani baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na mafundi, wauguzi na makarani, wengi wao wa Kerala, waliokwenda Ghuba bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970.

3. KUTOKA GUJARAT HADI LEICESTER, KUPITIA KWETU

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo hadithi yao inapoingia katika yetu.

Reli ya Uganda, kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya Wahindi karibu 32,000, wengi wao wa Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini. Walio wengi walirudi kwao, waliobaki hawakufika 7,000. Kwa hiyo ile dhana kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli si sahihi. Wengi walikuja kwa nauli yao, wakiitwa na mjomba au baba mkubwa mwenye duka. Kijana analala dukani miaka mitatu, anajifunza biashara na Kiswahili, halafu anafungua lake mji unaofuata. Ndivyo maduka yalivyofuata reli hadi Kisumu, na barabara hadi Mwanza, Mbale na Bujumbura.

Tuseme ukweli wa pande zote. Serikali ya kikoloni iliwaweka Wahindi katikati, Mzungu juu na Mwafrika chini. Mwafrika alibanwa na sheria hata katika kupata mkopo wa biashara. Wahindi wengi walifaidika na mpangilio huo, na wengi walijifungia: shule zao, hospitali zao, ndoa zao. Hasira ya watu haikutoka hewani. Lakini pia walikuwepo wakina Makhan Singh aliyefungwa miaka mingi kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi Kenya, Pio Gama Pinto aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, na Amir Jamal aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania kwa miaka mingi.

Uhuru ulipokuja, swali la karatasi likaja. Kenya ilitoa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengine waliomba mara moja. Wengine walisitasita, na familia nyingi ziligawana pasipoti: baba achukue ya Kenya, kaka abaki na ya Uingereza, bibi ana ya India. Likiharibika huku kuna pa kukimbilia. Kwa macho yao hiyo ilikuwa tahadhari. Kwa macho yetu ilikuwa ushahidi kwamba wana mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Watu wakaanza kuondoka kwa maelfu kwenda Uingereza, kwa kuwa pasipoti zao zilikuwa za Uingereza. Uingereza ilifanya nini? Mwaka 1968 Bunge lake lilipitisha sheria kwa siku tatu tu, kwamba mwenye pasipoti hiyo hana haki ya kuingia kama yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa au kuandikishwa raia kule. Ukiisoma utaona haitaji rangi popote, lakini kila mtu alijua nani ana babu wa Manchester na nani ana babu wa Rajkot. Hapo ndipo mtu anaposimama uwanja wa ndege, pasipoti mkononi, na nchi iliyoitoa inamwambia hapana.

Tanzania mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Sheria haikutaja Wahindi, lakini majengo mengi ya mijini yalikuwa yao, na wengi wakafungasha. Halafu Agosti 1972 Idi Amin akatangaza siku 90. Walioandamwa kwanza walikuwa wenye pasipoti za Uingereza, lakini hata raia wa Uganda walipopanga foleni kuhakikiwa, wengi waliambiwa karatasi zao ni batili kwa kasoro ndogo. Wakatoka ofisini hawana nchi yoyote. Mahmood Mamdani, mwanachuoni tunayemsoma wengi wetu, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa.

Uingereza iliwapokea watu karibu 28,000, wengi wakaanzia katika kambi za jeshi zilizokuwa hazitumiki. Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mjini kwake. Walikuja. Na hawakuanza na maduka, jamani. Walianza na kubeba boksi kama sisi. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters hapo Leicester waligoma wakidai malipo sawa na ya wenzao weupe. Mwaka 1976 mama mmoja aliyewahi kuishi Tanganyika, Jayaben Desai, aliongoza mgomo wa Grunwick, London, uliodumu karibu miaka miwili. Wote walishindwa walichodai, lakini Uingereza ilijua kuanzia hapo kwamba hawa si watu wa kunyamaza.

Katika sensa ya 2021 watu wenye asili ya Asia walikuwa asilimia 43 ya wakazi wa Leicester, wengi kuliko Wazungu. Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 2022 hadi 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Na Novemba 2025 New York ilimchagua kuwa meya Zohran Mamdani, mtoto wa yule Mahmood, aliyezaliwa Kampala.

Ukipita Belgrave Road, Leicester, jaribu Kiswahili. Mimi kuna mzee wa duka la vyombo ninayemwamkia kila nikienda kununua. Nikisema "Shikamoo mzee" anaitikia "Marahaba" kabla sijamaliza. Anajiita mtu wa Mwanza. Gujarat anakuita "kwa babu", na amekwenda mara mbili tu maishani. "Kule waliniita Mwafrika," aliniambia, wala hakucheka. Mjukuu wake aliyekuwa anapanga masufuria alimsikiliza kwa Kiingereza. Yeye ni wa Leicester, hana neno la zaidi. Familia moja, duka moja, nyumbani kutatu.

4. VIFUNGO VITATU WANAVYOVISHIKA WENYEWE

(a) Pesa na nyumba. India inaongoza duniani kwa kupokea pesa kutoka kwa watu wake walio nje. Benki ya Dunia ilikadiria karibu dola bilioni 129 kwa mwaka 2024. Ukienda vijiji vya Jalandhar, Punjab, utaona majumba ya walio Uingereza na Kanada, na juu ya mapaa matangi ya maji yaliyojengwa kwa umbo la ndege, ili jirani ajue mwenye nyumba yuko wapi. Huko Sylhet mtu wa familia iliyoko Uingereza anaitwa "Londoni", awe anaishi London au Oldham. Mirpur mpya nayo imejaa maghorofa ambayo mwenyewe huja wiki tatu kwa mwaka.

Je, kifungo hiki kinadumu? Kwa mtu mmoja mmoja, hapana. Pesa inamfuata mtu, haifuati ardhi. Mama akiwa hai inakwenda kila mwezi, mama akifariki inakwenda kwa msiba na kwa harusi, na mtoto aliyezaliwa nje hatumi kwa binamu asiyemjua sura. Nani wa Trinidad leo anatuma pesa Bihar alikotoka babu wa babu yake? Zile bilioni 129 ni kama tangi linalovuja ambalo linaonekana limejaa kwa sababu bomba bado linamwaga: kila mwaka kuna wahamiaji wapya. Bomba likifungwa, tutaona.

(b) Lugha. Hii inachoka mapema kuliko tunavyodhani. Trinidad, ambako watoto wa vibarua walisoma kwa Kiingereza katika shule za wamisionari, Kibhojpuri kimebaki kwenye nyimbo za harusi na majina ya vyakula. Fiji, ambako Wahindi walikaa pamoja kwa wingi vijijini, Kihindi cha aina yao bado ni lugha ya nyumbani hadi leo. Tofauti si mapenzi. Tofauti ni kama mtoto ana watu wa rika lake wa kucheza nao kwa lugha hiyo. Lugha ya kuzungumza na bibi peke yake inaondoka na bibi.

Na lugha hazihami mikono mitupu. Sisi tulichukua kwao gari, bima, hundi, laki, chapati na kachumbari. Wao walichukua kwetu sufuria, fagio, kisu na mhogo. Ukiona "mogo" kwenye orodha ya vyakula ya mkahawa wa Kihindi huko Wembley, jua mwenye mkahawa alipitia kwetu, maana Mhindi wa moja kwa moja kutoka Delhi neno hilo halijui. Kuku paka nayo ni hivyo hivyo: tui la nazi la pwani yetu, mkono wa Khoja.

(c) Ibada na ndoa. Hii ndiyo nguzo nene. Hekalu la Swaminarayan la Neasden, London, lilifunguliwa mwaka 1995, na waumini wake wengi walikuwa watu waliotoka Afrika Mashariki. Mawe yalinunuliwa Bulgaria na Italia, yakapelekwa India kuchongwa, vipande zaidi ya 26,000, vikapewa namba, vikasafirishwa London na kuunganishwa kimoja kimoja. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu wazee walitaka mahali ambapo mtoto aliyezaliwa London atakuwa na kazi ya kufanya: kupika, kufagia, kupiga ngoma, kufundisha wadogo. Trinidad lugha ilikufa lakini Diwali ipo, na tarehe 30 Mei ni sikukuu ya taifa ya kukumbuka meli ya kwanza ya 1845. Kitu ambacho watu wanakifanya pamoja kwa ratiba kimeishi kuliko kitu ambacho kila mtu anakihisi peke yake chumbani.

Ndoa ilikuwa mkono wa pili wa nguzo hii. Kuleta bwana au bibi harusi kutoka kijijini kunarudisha kizazi kimoja nyuma, mtoto anapata tena mzazi anayeijua lugha. Lakini ina gharama zake, na binti anayelazimishwa ndiye anayezilipa.

5. KIFUNGO CHA NNE: NYUMBANI NAKO KUNA MLANGO

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba aliyeondoka ndiye peke yake mwenye uamuzi. Kamba ina ncha mbili. Nyumbani lazima nako kushike.

India baada ya uhuru iliwaambia watu wake wa nje, kwa sauti ya Nehru mwenyewe, kwamba waliochukua uraia wa nchi nyingine wawe waaminifu huko. Miaka ya matatizo Afrika Mashariki, wengi walihisi wameachwa. Kilichobadilisha mambo ni shida. Mwaka 1991 India ilikaribia kuishiwa fedha za kigeni, ikawageukia walio nje. Mwaka 1998, baada ya majaribio ya nyuklia na vikwazo vilivyofuata, iliwauzia hati fungani maalum na kukusanya zaidi ya dola bilioni 4. Baada ya hapo mlango ukaanza kufunguka: kadi ya watu wenye asili ya India mwaka 1999, na mkutano wa walio ng'ambo unaofanyika tarehe 9 Januari tangu 2003, kukumbuka siku Gandhi aliporudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1915. Mwaka 2005 ikaja sheria ya kadi ya OCI, na mwaka 2015 kadi ile ya kwanza ikaunganishwa nayo.

Ielewe vizuri kadi hii, kwa sababu inatuhusu. India hairuhusu uraia pacha. Mwenye OCI anaingia India bila viza maisha yake yote, anaishi, anafanya kazi, ananunua nyumba. Hapigi kura, hagombei, hanunui shamba. Na aliyekuwa na uraia wa Pakistan au Bangladesh, au mzazi wake, hapati. Ni mlango wa nusu. Lakini mjukuu wa Leicester anayetaka kwenda kufanya kazi Ahmedabad anapita, na wengine wanapita kweli.

Mlango ukifungwa kabisa upande mmoja, matokeo yake yanaonekana Ghuba. Huko Mhindi au Mpakistani anaweza kukaa miaka 30, akazaa, akazeeka, asipate uraia, isipokuwa wachache sana kama jamaa wa Khimji wa Maskati. Ndiyo maana Mkerala wa Dubai hana shaka nyumbani ni wapi. Si kwamba anaipenda Kerala kuliko mwenzake wa London. Sheria imemwamulia.

Na mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa tena. Uganda ilianza kurudisha mali za waliofukuzwa, kazi iliyopata nguvu miaka ya 1990, na familia kama za Madhvani na Mehta zilirudi kwenye viwanda vyao vya sukari. Kenya mwaka 2017 iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Lakini waliorudi Uganda ni sehemu ndogo tu ya walioondoka. Watoto walikuwa wamekwisha kuanza shule Leicester.

6. SISI JE?

Mwaka 1990 mwanasiasa wa Kiingereza, Norman Tebbit, aliuliza Waasia wa Uingereza wanashangilia timu gani ya kriketi, ile ya hapa au ya walikotoka. Mtihani huo tunaujua. Sisi wenyewe tuliwapa Wahindi wetu: mbona mnatuma pesa London, mbona hamuoani na sisi, mbona mna pasipoti mbili kabatini? Sasa tazama maisha yetu hapa. Tunatuma pesa nyumbani kila mwezi. Kwa Kenya pekee walio nje walituma karibu dola bilioni 5 mwaka 2024. Tunakaa Wabongo kwa Wabongo, Wakenya kwa Wakenya. Wazazi wanatuuliza mchumba ni wa wapi. Tunaomba karatasi za huku huku tukijenga kule. Kwa jirani yetu wa hapa, sisi ndio Wahindi.

Siamini kwamba mguu mmoja ndani na mmoja nje ni usaliti. Watu wa Jinja na Mwanza hawakuondoka kwa sababu walipenda mahali pawili. Walioondoka wengi waliondoka kwa sababu walilazimishwa kuchagua pamoja, na kila serikali ikataka jibu moja. Nchi zetu sasa zinajibu swali hilo kila moja kivyake. Kenya ilikubali uraia pacha katika Katiba ya 2010, Uganda kwa sheria ya 2009, Rwanda na Burundi wanaukubali. Kongo haiukubali. Tanzania haijaukubali kwa watu wazima. Imechagua njia ya hadhi maalum, inayofanana na ule mlango wa nusu wa India. Kabla hujajaza fomu ya uraia wa huku, soma sheria ya kwenu mwenyewe, usisome kwa kuambiwa na rafiki.

Kutokana na tuliyoyaona, napendekeza mambo manne kwa chama chetu na kwa kila mmoja:

Kwanza, tusitegemee hisia. Mtoto hatarithi hamu yako ya ndizi za Bukoba. Atarithi kile anachokifanya na wenzake kila Jumamosi.

Pili, darasa la Kiswahili la watoto liwe la watoto wengi pamoja, hata kama mwalimu si bingwa. Wenzake wa kucheza nao ndio mwalimu mkubwa.

Tatu, kabla ya kujenga ghorofa kijijini, jiulize nani atawasha taa. Nyumba ndogo ambayo mwanao atakuja kulala kila likizo inashika zaidi kuliko jumba la kumwonyesha jirani.

Nne, tukirudi, tukumbuke. Siku utakapokuwa afisa wa uhamiaji, mbunge au mwalimu, na mbele yako kasimama mtu mwenye jina la Kigujarati aliyezaliwa Tabora, kumbuka foleni uliyopanga wewe huku.

Ule mji wa zamani wa Mirpur uliozama, maji ya bwawa yanapopungua wakati wa kiangazi chao, baadhi ya majengo yake ya ibada hujitokeza, na watu hushuka kwenda kuyatembelea hadi maji yarudi. Wengine wanatoka Bradford.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumbani kutatu tulikokutaja, kwa babu, kwa kuzaliwa na kwa karatasi, kupi kwako ni kwa kweli? Watoto wako watajibu nini?

2. Je, hadhi maalum inatosha, au uraia pacha ni lazima? Mtetee unayempinga kabla ya kumjibu.

3. Kwa nini lugha ya Wahindi ilidumu Fiji ikafifia Trinidad? Sisi hapa chuoni tunafanana na upande upi?

4. Je, sheria isiyotaja kabila wala rangi inaweza kulenga watu fulani? Linganisha ile ya Uingereza ya 1968 na ile ya majengo ya Tanzania ya 1971.

Karibuni tujadili katika kikao chetu kijacho. Mwenye mzazi au jirani wa Kihindi aliyewahi kukaa kwetu, amkaribishe. Chai tutapika, na sambusa zitakuwepo.